Kilua cha mamkwe: mti uliotutoa jasho nyumba nzima Bagamoyo, kabla ya uhuru

Wakuu, marahaba.

Naitikia kabla hamjaniamkia, maana nimepitapita humu ndani na sidhani kama kuna wa kunizidi umri. Mwenye shaka aje Mapinga aniamkie uso kwa uso, chai ipo.

Akaunti kanifungulia mjukuu wangu. Nachapa mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona makosa mnyamaze. Na haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa. Nisichokumbuka nitasema sikumbuki.

Juzi kuna memba kaleta uzi. Kanunua mbegu za maua dukani, kaziweka kwenye friji, kazipanda, haijaota hata moja. Kamalizia ati "nimeuziwa mbegu feki". Basi komenti zikamiminika, wote mnamtukana muuza duka.

Mie nikacheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuuliza bibi kulikoni.

Kulikoni ni kwamba tuliwahi kupata shida hiyohiyo, na sisi hatukuwa na muuza duka wa kumtukana.

Twende taratibu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Mie mtoto wa Zinga, wazee wangu wakulima wa mihogo na mpunga. Nikaolewa Bagamoyo mjini, kwenye nyumba ya mawe yenye ua katikati. Mume wangu alikuwa kwenye biashara ya mbata, zile nazi kavu, pamoja na ami yake, Ami Hamadi, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa nyumba ile. Baba mkwe alikuwa keshatangulia mbele ya haki.

Mamkwe wangu alikuwa Bi Shani, mwenyeji wa Pangani. Mtu mpole, ila mpole wa kukutia adabu. Akikuambia "sawa" unajiuliza umekosa nini.

Pale uani, kwenye ukuta wa kibla, palikuwa na mkilua.

Vijana wengi najua hamuujui, kwa hiyo nieleze. Kilua ni ua linaning'inia, kijani, unaweza kulipita usilione. Likikomaa linageuka manjano. Sasa litie kifuani, lipate joto la mwili. Basi tena! Ukipita barazani, watu wanageuza shingo. Hizo pafyumu zenu za kupuliza na kukohoa hazioni ndani.

Mkilua ule Bi Shani alipewa na mama yake siku alipoondoka Pangani kuja kuolewa. Ulikuwa mche kwenye kikapu, kaupakata njia nzima. Mama yake akafariki baadaye, na Bi Shani hakuwahi kumzika, habari zilifika keshazikwa.

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, alikuwa anakwenda kusimama pale kwenye mti. Hasemi kitu, anasimama tu, kisha anakuja jikoni. Mie nikimwamkia "shikamoo mama" akiwa pale, haitikii. Akishafika jikoni ndipo ananiambia, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Nikajifunza kutomwamkia akiwa mtini.

Na desturi ya nyumba ile, kila bibi harusi anatiwa kilua kifuani. Majirani nao walikuwa wanakuja kuomba kwa ajili ya mabinti zao, na Bi Shani hakumnyima mtu.

Isipokuwa mie sikupata.

Harusi yangu ilikuwa wakati wa kaskazi, jua la kuchoma utosi, mti hauna hata tumba. Bi Shani alinijaza asumini kichwani, halafu akaninong'oneza: "Kilua chako kipo, mwanangu. Arobaini ya mtoto wako wa kwanza nitakutia kwa mkono wangu."

Mtasema ua tu hilo, bibi, la nini? Jamani, mie nilikuwa mtoto wa shamba nimeingia nyumba ya watu wa mjini. Ile ahadi niliishika kwa mikono miwili. Ndiyo ilikuwa inaniambia kwamba mie ni mtu wa pale.

Haukupita muda, Ami Hamadi akasema anajenga ghala la mbata uani. Mbata zilikuwa zinalowa, zinaota ukungu, hasara kila msimu. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Ila ghala lilitaka ukuta wa kibla.

Akaja jikoni, akasimama mlangoni, akasema, "Shemeji, baada ya Idi mafundi wanaingia. Huo mti mtauhamisha."

Mtauhamisha! Mti shina lake limekula ukuta, mizizi imepita chini ya nyumba. Wanaume bwana.

Bi Shani akajibu, "Sawa, shemeji." Siku ile hakula.

Sasa hapo ndipo mie nikajitia kimbelembele. Jikoni palikuwa na jirani yetu, Bi Mgeni, mwanamke wa maneno yule, alikuja kuazima kinu. Nikasimama katikati nikasema, "Mama, usijali kabisa. Sisi watu wa Zinga hatushindwi na mti. Mpaka hiyo Idi ifike, utakuwa na miche ya kugawa mtaa mzima."

Bi Mgeni akaangua kicheko. "Mtaa mzima!"

Kuanzia siku ile jina langu likawa Mtaa Mzima. Nikienda kisimani, Mtaa Mzima. Nikienda matangani, Mtaa Mzima huyo.

(Naona kuna mtu kashaandika "bibi weka picha". Mwanangu, picha ya miaka ile nitoe wapi? Tulia usome.)

Tukaanza na kupasua. Mkilua ulikuwa na vishina vingi vinatoka chini, nikasema hii rahisi, kama mchaichai, unachimba pembeni unapasua, kila kipande na mizizi yake. Mchaichai hata ukiutupa njiani unaota.

Mkilua si mchaichai. Tulipiga shoka, mizizi ikachanika, tukabaki na vishina vyenye nyuzi mbili tatu. Tukavipanda karibu na kisima, na majani yake yote, kwenye jua lilelile. Majani yakajikunja, yakapukutika. Bi Shani aliendelea kuvimwagia maji asubuhi na jioni mpaka vikawa kuni. Mie ndiye niliyeving'oa, yeye hakutaka kuvigusa.

Nikasema haidhuru, mbegu zipo.

Mti ulikuwa na vitunda, vimekaa vishada. Tukavichuma vyote, tukaketi na ungo, tukachambua. Vigumu, vizuri, huku. Vilivyolainika, vinavyonata, vimeingia wadudu, huku. Vile vibovu nikavibeba nikavimwaga pembeni kwa mtungi, pale tunapomwaga maji ya kusuuza kata ya kunywea. Nikanawa mikono.

Kwenye vizuri ndipo tulipogombana. Yaani tuligombana kwa heshima, ila tuligombana.

Bi Shani alisema mbegu ya maana hutunzwa sandukuni. Unaianika, ikikauka unaifunga kitambaa, unaifukiza udi na ubani isiingie mdudu, unaiweka pamoja na nguo zako nzuri. Ndivyo walivyofanya Pangani na mbegu za mrehani na kila kitu.

Mie nikasema mama, samahani, kwetu mbegu hutundikwa juu ya jiko. Moshi unaikausha mpaka ndani, dudu gani litaigusa? Mahindi ya baba yangu yalikaa pale msimu mzima na yaliota yote.

"Mahindi," akasema Bi Shani. Neno hilo moja tu, ila mlipaswa kumwona uso.

Mwisho tukagawana nusu kwa nusu. Za kwake sandukuni, zinanukia udi. Za kwangu juu ya jiko, zinanuka moshi. Kila mmoja anamwombea mwenzake heri huku moyoni anataka zake ndizo ziote.

Mvua ziliposogea tukazipanda kwenye vyungu vibovu na vigae, za kwake safu hii, za kwangu safu hii.

Kimya.

Tukamwagilia. Kimya. Tukazichimbua, tukazisugua kwenye jiwe la kusagia, tukarudisha. Kimya. Mtu akasema maji ya moto, tukatia maji ya moto. Bi Shani akazisomea dua, na mie nikaitikia amina kutoka moyoni kabisa.

"Mtaa Mzima, leo nimekuja na kikapu cha kubebea miche yangu," anasema Bi Mgeni akipita. Nilitamani ardhi ipasuke, inimeze mie au immeze yeye.

Siku moja nikachukua moja ya zangu nikaipasua kwa kisu. Ndani kiini kimesinyaa, kimekuwa kama unga. Nikapasua na ya Bi Shani, vilevile. Sikumwambia, nilifukia tu.

Idi ikaja. Tukala pilau kama watu wanaosubiri mgonjwa afe.

Mafundi walipoingia Bi Shani akajifungia chumbani. Shoka la kwanza lilipogonga, nikasikia anafunga na dirisha. Mie nilikuwa tayari na mimba, nimesimama pale uani, nikamchukia Ami Hamadi, nikamchukia fundi, nikachukia mbata zote za dunia hii.

Halafu wakaanza kuchimba msingi, na mizizi ikaanza kutoka.

Nikakumbuka kitu. Kule kwetu Zinga tulikuwa na mshelisheli. Mshelisheli ule hauna mbegu, ila ukilima karibu nao ukaukata mzizi kwa jembe, pale penye jeraha panachipua mti. Nikajiambia, mzizi wa kilua nao si mzizi?

Nikaingia kwenye mtaro na tumbo langu. Fundi anapiga kelele "we mama toka humo", mie natia mizizi kwenye kanga. Nikachagua ile ya unene wa kidole. Nikaikata vipande, upande uliokuwa karibu na shina nakata sawasawa, upande wa chini nakata mshazari, ili nisije nikaipanda kichwa chini. Hilo nililifikiria mwenyewe, na mpaka leo najisifu.

Nikailaza kwenye karai kuukuu lililotoboka, nikafunika mchanga, nikaweka kivulini.

Mingi ilioza kwa sababu ya maji mengi. Nilikuwa na kiherehere, kila nikipita namwaga. Nilipoona harufu si nzuri nikaacha, na kipande kimoja ndicho kikabaki kizima.

Kikachipua!

Kidogo, chekundu, kama ncha ya sindano. Nikaenda kumgongea Bi Shani. Alikuwa hatoki uani tangu mti ukatwe, anapita ndani kwa ndani. Akaja, akainama, akatazama muda mrefu. Akasema "Bismillahi", na siku ile alikuja kukuna nazi pamoja nami.

Na sasa mnisikilize vizuri. Palikuwa na kuku. Kuku wa Bi Mgeni.

Nilikuwa nimefunika lile karai kwa pakacha. Kuku akaliona pakacha, akaona kuna siri, akalisukuma, akaparura mchanga wote. Nilipofika kile kichipukizi kimekatika na kimeliwa, na mzizi umekwanguliwa hauna hata ganda.

Nilimkimbiza kuku yule na mwiko mpaka nje barabarani, mjamzito, kanga inadondoka. Watu wazima walisimama kunitazama.

Bi Mgeni, kwa haki yake, aliona aibu. Akamchinja akatuletea mchuzi. Bi Shani hakuugusa. Mie nilikula mpaka mifupa, kwa hasira.

Basi ikaishia hapo. Mti hakuna, kishina hakuna, mbegu hakuna, mzizi hakuna.

Mwanangu Sefu akazaliwa, alhamdulillahi, mzima. Arobaini ikafika. Bi Shani akanivisha, akanifukiza udi, akanipaka liwa. Halafu akaleta kishada cha asumini. Akakishika tu mkononi, hakuniwekea.

"Nilikuahidi kilua," akasema. "Nisamehe, mwanangu."

Sikuwahi kumwona Bi Shani akilia, na hata siku ile sina hakika, aligeuka upesi. Nikamwambia, "Mama, asumini inatosha." Haikutosha, na yeye alijua.

Baada ya hapo nikaanza kurudi kwenye kazi za uani. Kule kwenye pembe ya mtungi magugu yalikuwa yamefunga, maana nilipokuwa uzazini hakuna aliyepagusa. Ni mahali pa kivuli, palipolowana daima, kila anayekunywa maji anasuuza kata anamwaga pale.

Nikachutama, naanza kung'oa. Nang'oa, natupa. Nikashika kimche kimoja, nimekibana kabisa kwa vidole, nataka kukivuta.

Nikaona kimevaa kofia.

Ganda la mbegu yake lilikuwa bado limekwama kichwani, hakijalivua. Na lile ganda ningelijua hata gizani. Nilikuwa nimelichambua, nimeliosha, nimelisugua kwenye jiwe, nimelipasua kwa kisu.

Nikaachia vidole polepole. Nikatazama pembeni, kuna kingine. Na nyuma ya jiwe la mtungi, cha tatu, chenyewe kimeshavua kofia, kina majani.

Nikapiga ukelele mmoja mpaka Sefu akaamka analia.

Bi Shani akatoka jikoni mbio, peku, mikono ina unga. Ami Hamadi akatoka ghalani akidhani kuna msiba.

Bi Shani akapiga magoti kwenye matope. "Hivi ni vile..."

"Vile vibovu, mama."

"Tulivyovitupa?"

"Ndivyo."

Akavitazama, akanitazama, akaketi chini kabisa kwenye maji ya kata na kanga yake safi, akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi. "Vizuri tumevifukiza udi!" akasema. "Vizuri tumevifukiza udi, na vibovu vimeota!"

Mie nilikuwa nalia. Wallahi nililia kwa sauti, kama mtu aliyeondolewa gunia la mbata kichwani. Tangu siku ile niliyofungua mdomo wangu jikoni sikuwa nimepumua vizuri.

Ami Hamadi alisimama pale hajui aangalie wapi. Halafu akaondoka, akarudi na mawe yaliyobaki kwenye ujenzi, akainama mwenyewe na kanzu yake, akavizungushia ukuta mdogo. Akasema, "Hapa asimwage mtu maji ya sabuni." Akaenda kutafuta wavu wa kuku.

Kilua hakina haraka. Tulivihamisha masika iliyofuata, na udongo wake wote, kwenye kivuli. Kimoja kikafa hivihivi, Mungu anajua. Viwili vikasimama. Nikazaa tena, na tena, na miti haina hata tumba. Bi Shani akarudia kusimama mtini asubuhi. Mie nikarudia kutomwamkia.

Mpaka siku moja niko jikoni, mtoto wa tatu mgongoni, nachambua choroko, jasho linanitoka, kanga kuukuu, nywele sijazigusa. Bi Shani akaingia kutoka uani. Mkono kaukunja.

Akaniambia, "Simama."

Nikasimama, nadhani nimekosa. Akanifungua kanga kifuani, akatia kitu cha baridi, akafunga tena fundo. Akasema, "Haya, bibi harusi. Arobaini yako ya kwanza imefika."

Halafu akarudi zake kukuna nazi.

Mie nilibaki nimesimama na ungo wa choroko. Kidogokidogo kikapata joto.

Sasa wakuu, somo lenyewe, kwa yule memba wa friji. Mbegu zako huenda si feki. Si kila mbegu inataka kukaushwa na kutunzwa. Sisi tuliziheshimu mpaka tukaziua. Mkilua unataka mbegu yake ikiwa mbichi, imelainika, kwenye kivuli na unyevu, halafu uiache hata uisahau. Mzizi nao unafaa sana, miche mingi baadaye niliipata kwa mzizi, maji kidogo tu, na uufunike dhidi ya kuku. Kupasua kunawezekana, ila ngoja masika, punguza majani, na usipige shoka kama una ugomvi.

Na wale mnaojua maua mengine yenye kiburi cha kuota, hebu andikeni hapo chini mlifanyaje. Mawaridi ya zamani, mkadi, chochote. Nitasoma zote, muda ninao.

Mkilua wangu uko hapa Mapinga, mtoto wa mjukuu wa ule wa Pangani. Mjukuu alitaka kumwaga zege ua mzima, nikamwambia amwage na mie humohumo. Kaacha.

Ahsanteni kwa kunisoma. Lo, nilitaka kusahau: Bi Mgeni. Alikuja mwenyewe, binti yake anaolewa, kaleta kikapu kweli safari hii, anaomba na mche. Nikampa. Akaja jirani wa mbele, nikampa. Wakaja wa nyuma ya msikiti. Mpaka Bi Shani anafariki, harusi ikipita mtaani kwetu ulikuwa hujui kilua kimetoka uani kwa nani.

Kwa hiyo atakayefika Mapinga kutaka mche, asihangaike kuuliza jina langu la kwenye kitambulisho. Aite Mtaa Mzima, nitaitika.